Kwani Tulikuwa Tunachelewa Wapi?

Miaka 4 iliyopita nilimpeleka binti yangu kupanda mlima kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 5. Njia niliyoichagua ilikuwa ya wakubwa, ndefu na yenye mawe, na pale mwanzoni palikuwa na kibao kilichosema kileleni ni mwendo wa saa 2. Nikakichukua kibao kile kama amri. Kila aliposimama nilimvuta mkono. Haya mama, twende. Utapumzika mbele. Ua? Tutaliangalia tukirudi. Tulifika kileleni kwa saa 2 na dakika 10, nikapiga picha, kisha nikageuka ili nimwonyeshe bonde zima lililokuwa limelala chini yetu. Nikamkuta amekaa chini, bonde kaligeuzia mgongo, uso kaelekeza kwenye jiwe, anabandua moja moja zile mbegu za nyasi zilizong'ang'ania soksi zake. Nilimwita, hakugeuka. Wakati wa kushuka, tukiwa tumenyamaza wote wawili, ndipo akauliza: "Mama, kwani tulikuwa tunachelewa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutazungumza nyumbani, na nyumbani hatukuzungumza. Lakini swali lile halikuniacha. Lilinirudia kila nilipofungua ramani kutafuta pa kutembea mwisho wa wiki, na taratibu likanibadilisha jicho. Nikaanza kuzisoma zile njia nilizokuwa nazipita bila kuzitazama, zenye alama ya mtu mzima aliyeshika mkono wa mtoto: kilomita 2, kilomita 3, mwinuko mdogo, mandhari nzuri. Zamani niliamini ni njia za watu ambao hawawezi njia nyingine. Leo ndizo ninazozitafuta, na nitazitetea mbele ya yeyote.

Nilijiuliza pia, saa zile za kwenye kibao zilikuwa saa za nani? Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith aliandika kanuni fupi ya kukadiria muda wa safari ya miguu milimani, na hadi leo watu wanaitumia: hesabu saa 1 kwa kila maili 3 za kwenye ramani, yaani karibu kilomita 5, kisha ongeza saa 1 nyingine kwa kila futi 2,000 unazopanda, ambazo ni kama mita 600. Ni kanuni nzuri, na mtu mzima mwenye afya akiifuata haimdanganyi sana. Ila ndani yake hamna mtu anayesimama. Hamna jiwe la kugeuzwa kuona kilicho chini, hamna kamba ya kiatu iliyofunguka, hamna fimbo iliyookotwa ikatupwa ikarudiwa. Kwa kanuni ya Naismith, njia tuliyoitembea mwezi uliopita, kilomita 3 kwenda na kurudi na mwinuko wa mita 100 tu, ni kazi ya dakika 46. Sisi ilituchukua saa 4 kasoro robo, na sitaki kurudishiwa hata dakika moja.

Tulikuwa watano. Mimi, baba watoto, binti yetu ambaye sasa ana miaka 9, mdogo wake wa kiume wa miaka 4, na mama yangu, ambaye magoti yamekuwa yakimsumbua kwa muda sasa. "Nakuja," aliniambia nilipomwalika, "ila huko juu msinihesabu." Tulikuwa na sharti moja tu: anayetangulia ni mdogo kuliko wote, na haruhusiwi mtu kumpita.

Sharti hilo tulilipata kwa kuumia. Mtembeaji wa polepole akiwekwa nyuma, walio mbele humwacha, wakasimama kumsubiri, wakapumzika vizuri, na pindi anapofika akihema wanasema haya, twendeni. Aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika hata mara moja. Mweke mbele na mambo yanageuka. Anakwenda kwa mwendo wake, anaona njia badala ya kuona mgongo wa mtu, na anajiona ndiye kiongozi wa msafara. Kijana wetu aliongoza akiwa na fimbo yenye urefu kumzidi, na kila mzizi uliokatiza njia aliutangaza kwa sauti ili Bibi yake asijikwae.

Njia yenyewe ilianzia kwenye kivuli. Udongo ulikuwa umeshindiliwa na nyayo za watu wengi, majani makavu pembeni, kijito kinasikika kabla hakijaonekana. Kuna daraja dogo la mbao tulilovuka mara 3 kwa sababu mbao zake zilikuwa zinatoa milio tofauti. Baada ya hapo, tukiwa tumetembea kama mita 500, kijana akachuchumaa na msafara wote ukasimama.

Katikati ya njia alikuwepo jongoo. Mweusi, mnene kama kidole changu cha kati, anatoka nyasi za kushoto anakwenda za kulia. Nimeona majongoo tangu utoto wangu, na siku ile niligundua kwamba sijawahi kumtazama hata mmoja.

Ukiinama mpaka kidevu kikaribie ardhi, kama alivyofanya mwanangu, unaona kwamba miguu ya jongoo haiendi yote kwa pamoja, wala haiendi mmoja mmoja. Inakwenda kwa mawimbi. Kifungu kidogo cha miguu kinanyanyuka, cha jirani yake kinapokea, na wimbi linatiririka ubavuni kama upepo unaopita juu ya shamba. Kabla wimbi la kwanza halijaisha, la pili na la tatu yako njiani. Mwili wa juu umetulia kabisa, unateleza tu. Binti alijaribu kuhesabu miguu, akapotea kwenye 60 na kitu, akaanza upya, akapotea tena. Nikamwambia ahesabu pingili: karibu kila pingili ya jongoo ina jozi 2 za miguu, kasoro zile chache za nyuma ya kichwa na za mkiani. Akahesabu pingili kwa kunyoosha unyasi juu yake bila kumgusa, akazidisha kwa 4 kwa sauti ya chini. Mtoto huyu huyu hesabu za kuzidisha nyumbani tunamfuata nazo chumba hadi chumba.

Nikawapa na yale niliyoyajua. Kwamba jina la jongoo katika lugha kadhaa za Ulaya limetokana na Kilatini na maana yake ni miguu elfu, na kwamba kwa muda mrefu jina hilo lilikuwa limetiwa chumvi, kwa kuwa jongoo aliyeshika rekodi alikuwa na miguu 750. Mwaka 2021 ndipo wanasayansi walipomtangaza mmoja kutoka Australia Magharibi, aliyepatikana mita 60 chini ya ardhi katika shimo lililochimbwa kutafutia madini. Hana macho, ni mwembamba kama uzi, na miguu yake ni 1,306. Halafu nikawaambia kwamba zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita waliishi jamaa za majongoo waitwao Arthropleura, waliofikia urefu wa zaidi ya mita 2. Kijana alisimama, akatazama njia, akapima kwa macho.

"Kutoka hapa mpaka kwa baba?"

"Mpaka kwa baba."

Baba yake akarudi nyuma hatua moja.

Kijana alipomgusa na jani, jongoo akajikunja, akawa pete ngumu yenye kung'aa. Hapo nikaingilia kidogo, maana wengi wao wakijihami hutoa majimaji yanayotia doa ngozini na kuwasha vibaya yakiingia machoni. Kwa hiyo tunatumia jani, hatutumii kidole, na mikono inanawishwa kabla ya kula. Basi tukasubiri ajikunjue. Dakika zikapita. Nilimwona baba watoto anaitazama saa, kisha anaurudisha mkono mfukoni.

Aliyetukwamua ni mama yangu. Palikuwa na benchi hatua chache kutoka pale, limetazama uwazi kati ya miti ambako kijito kinaonekana kikipinda. Alikwisha kaa. "Mjukuu wangu," akamwita yule mdogo, "wewe nenda kaone huko juu. Huyu mwachie mimi. Nitamwangalia, ukirudi nitakueleza alikwenda wapi." Kijana alimtazama jongoo, akamtazama Bibi yake, akaona kazi imekabidhiwa mtu wa kuaminika. Akaokota fimbo yake.

Mimi sikuondoka kwa wepesi kama yeye. Nilimwachia maji, mtandio na filimbi, nikageuka kumtazama mara 3 kabla ya kona. Ilinichoma kwamba tunakwenda kuona mandhari na yeye anabaki kwenye benchi. Kisha nikakumbuka utafiti ambao nimeupenda tangu siku niliposoma habari zake. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupekua kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Aliwalinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo. Nusu yao walilazwa kwenye vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti, nusu nyingine dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Waliokuwa na miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kuliko wenzao, walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo, na manesi waliandika malalamiko machache kuwahusu. Miti ile hawakuipanda, hawakuigusa, wala hawakutembea chini yake. Waliiona tu dirishani, wakiwa wamelala.

Kwa hiyo ninaposoma maelezo ya njia siku hizi, jambo la kwanza ninalotafuta ni benchi ziko wapi. Njia yenye benchi katika robo ya kwanza, iliyotazamishwa kitu cha kuonekana, imetengenezwa na mtu aliyewafikiria wazee, wajawazito, na yule aliyetoka kuugua. Benchi lililowekwa mwishoni tu linamlipa aliyekwisha fika.

Baada ya benchi njia inaanza kupanda, na inapanda kwa kona. Unakwenda kushoto, unageuka, unakwenda kulia, unageuka tena. Kwenye kona ya pili binti aliona pengo kwenye vichaka, mahali ambapo watu wenye haraka wamekata moja kwa moja kwenda juu. "Mama, mbona tusipite hapa? Ni karibu zaidi." Ni karibu kweli. Miaka 4 iliyopita ningepita pale pale.

Tulisogea tukapaangalia vizuri. Njia ya mkato haikuwa njia tena, ilikuwa korongo. Kina chake kilimfika kijana magotini, mizizi ya mti wa jirani imebaki inaning'inia hewani kama kamba zilizokatika. Nyayo zinaua nyasi, udongo unashindiliwa, maji ya mvua yanashindwa kunywewa na ardhi, yanashuka mbio kwa sababu mteremko ni mkali, na yakishuka yanachukua udongo. Mvua ya pili inakuta mfereji tayari umechimbwa. Njia ya kona inazunguka ili mteremko uwe mpole: ukirefusha njia mara 2 kwa kimo kile kile, mwinamo wake unapungua nusu, kwa miguu yako na kwa maji pia.

Binti hakutosheka na maelezo. Alitaka kuona. Basi tukatoa kikombe kimoja cha maji yetu kwa ajili ya sayansi. Nusu aliimwaga kwenye njia yenyewe, juu kidogo ya gogo ambalo waliotengeneza njia wamelilaza mshazari. Maji yakatiririka taratibu, yakagonga gogo, yakalifuata kwa pembeni, yakatoka nje ya njia na kuzama kwenye majani. Nusu ya pili aliimwaga kwenye korongo. Yale yalishuka bila kusita, na yalipofika chini yalikuwa yameshakuwa mekundu. Alichuchumaa akachovya kidole kwenye tope lile, akakitazama. Toka hapo kila gogo la mshazari tulilolikuta alilikagua, na lile lililokuwa limezibwa na majani akalizibua kwa kisigino. Sikumwagiza.

Kwenye kona ya 5 au ya 6 kuna jabali lenye mabaka ya kijivu na manjano, makavu, yamebandika kama rangi ya zamani inayobanduka. Watoto walidhani mtu amepaka. Ni viumbe hai, na si kimoja: ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, mwani anatengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuvu anampa makazi. Wengine wao hawakui hata milimita 1 kwa mwaka. Baka lenye upana wa kiganja huenda lilikuwepo hapo kabla bibi yao hajazaliwa. Kijana aliweka kiganja chake kando ya baka moja, wakalingana. "Halichelewi," akasema dada yake, kisha akaendelea kupanda. Sijui kama anakumbuka lile swali lake la zamani. Sikumuuliza.

Tulifika juu bila kujua tumefika. Miti iliachana, na mbele yetu palikuwa na uwanda, mto ukiwa mstari wa fedha katikati yake, na nyuma kabisa safu za milima. Watu wazima tulinyamaza. Kijana alikuwa na shida nyingine: nyasi za ukingoni zilimfika usoni. "Nibebeni nione mbali!"

Baba yake akamweka mabegani, na hapo nikafundisha hesabu ambayo naona ndiyo siri kubwa ya njia fupi. Dunia ni mviringo, kwa hiyo hata pasipo na kizuizi chochote, upeo una mwisho. Kuupata, chukua kimo cha jicho lako kutoka usawa wa uwanda au bahari, kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57, jibu ni kilomita. Mtoto ambaye macho yake yako mita 1 kutoka chini, akisimama ufukweni, anaona hadi kilomita 3.6 hivi. Mbebe mabegani macho yake yafike mita 2, na umempa karibu kilomita 1 na nusu nzima ya dunia ambayo hakuwa nayo. Ndiyo maana wanaomba kubebwa, na wana haki.

"Na hapa tulipo?" binti akauliza.

"Hapa tuko mita 100 juu ya uwanda. Namba gani ukiizidisha kwa yenyewe unapata 100?"

"Kumi."

"Zidisha kwa 3.57."

Kilomita 35.7. Alizungusha macho kwenye upeo kama anayekagua mali yake. Sasa sikiliza sehemu inayonifurahisha. Ili uone mara 2 ya hapo, kupanda mita 200 hakutoshi. Lazima upande mita 400. Ukitaka mara 3, mita 900. Kila mita unayoongeza inakulipa kidogo kuliko iliyotangulia, na zenye malipo makubwa kuliko zote ni zile za mwanzo kabisa, zile ambazo mtoto wa miaka 4 anaziweza kwa miguu yake. Mlima ule wa miaka 4 iliyopita ulitupandisha karibu mita 400. Nilimburuza mwanangu mara 4 ya kilima hiki ili nimwonyeshe upeo wa mara 2 ya huu, na alichokiona ni soksi zake.

Tulikaa pale muda mrefu. Tulikula, tukalala chali, tukaangalia kivuli cha wingu moja kikitembea uwandani, kinapanda kila tuta na kushuka kila bonde bila kupunguza mwendo. Kijana, akiwa ametulia mapajani mwangu, akanyoosha kidole kwenye safu ya mbali.

"Mbona ule mlima ni wa bluu?"

Leonardo da Vinci aliwaandikia wachoraji wenzake kuhusu jambo hili: kitu kilicho mbali zaidi kipakwe bluu zaidi, kwa sababu kati yako na chenyewe kuna hewa nyingi. Sababu ya kifizikia ilielezwa na Lord Rayleigh mwaka 1871. Chembe za hewa hutawanya mwanga wa bluu kuliko zinavyotawanya mwekundu, kwa hiyo kadiri hewa inavyokuwa nene kati ya jicho na mlima, ndivyo bluu inavyojaa humo katikati. Ni ile ile inayoifanya mbingu kuwa bluu. Nikamwambia kwamba anachokiona si rangi ya mlima, ni rangi ya hewa iliyoko njiani.

"Tukifika kule utakuwa bluu?"

"Tukifika kule utakuwa na miti na mawe kama hapa. Hapa ndipo patakuwa bluu."

Alifikiri. Dada yake alikwisha simama, anapunga mkono kuelekea kule kwenye safu, endapo kuna mtoto mwingine amekaa huko anatuangalia tukiwa bluu.

Nisisahau mambo ya kawaida, kwa wanaotaka kwenda na familia zao. Panga saa ya kugeuka kabla hujatoka nyumbani, na ikifika geukeni popote mlipo, hata kama bado kona moja. Beba maji zaidi ya unavyodhani, na umpe mtoto kabla hajaomba, kwa sababu akicheza huwa anasahau kiu. Kofia ni lazima hata siku ya mawingu. Radi ikianza kusikika, shukeni, msikimbilie mti mrefu uliosimama peke yake. Na kila mtoto awe na filimbi shingoni na ajue jambo moja tu la kufanya akipotea: asimame pale pale, akumbatie mti ulio karibu, apulize filimbi na asubiri. Mtoto aliyetulia sehemu moja hutafutwa akapatikana upesi kuliko anayehangaika kuwatafuta wazazi. Wetu tunawafanyisha mazoezi kila safari, mara moja, mwanzoni, na wanafanya kwa raha kwa sababu ya filimbi.

Kushuka ndiko tulikokwenda polepole kuliko yote. Watu hudhani kupanda ndiyo kazi. Mapafu yatakubali, magoti yatakataa: unaposhuka, misuli ya paja inafanya kazi ya breki kila hatua, na uzito wa mwili unaangukia gotini. Watoto nao hupenda kukimbia mteremkoni na ndipo wanapoanguka. Tuliwapa mchezo wa kutembea kama vinyonga, hatua moja, yumba, hatua nyingine, na mwenda pole hajikwai. Kijana aliteleza mara moja, akakaa kwenye majani, akaangalia kiganja, akaona hakuna damu, akainuka mwenyewe.

Tulipoikaribia kona ya mwisho aliuvunja mchezo wa vinyonga, akawa anakimbia kweli. Mama yangu alikuwa pale pale tulipomwacha. Mtandio kauweka mabegani, viatu kavua, kavipanga chini ya benchi. Jua lilikuwa limesogea na sasa mwanga ulikuwa juu ya maji ya kijito. Nilitaka kumwomba radhi kwa kuchelewa. Hakunipa nafasi, alikuwa na mtu wake wa kumpa taarifa.

"Ulipoondoka tu akajikunjua," alimwambia mjukuu wake. "Kwanza kichwa. Akapapasa, akapapasa na zile pembe zake ndogo. Akavuka njia. Walipita watu wawili, nikawaambia jihadharini kuna mtu anavuka, wakamruka. Akafika kwenye ile nyasi, akakwama, akazunguka. Akapanda lile gogo pale, unaliona? Alipanda kwa shida, akaanguka mara moja, akaanza tena. Alikula kidogo pale penye uozo. Halafu akaingia chini ya lile gamba. Hajatoka mpaka sasa."

"Unajua ana miguu mingapi, Bibi?"

"Sijui. Mingapi?"

"Dada amehesabu."

Wakaenda wote wawili hadi kwenye gogo, mama yangu peku, mkono mmoja umeshika bega la mtoto. Alijishusha polepole, goti moja kisha la pili, sijamwona akipiga magoti siku nyingi. Kijana akanyanyua ncha ya lile gamba kwa kijiti, kidogo tu, na wote wawili wakainamisha vichwa kuchungulia. Baba watoto akaketi kwenye benchi. Binti akaketi. Nikasogeza vile viatu, nikaketi na mimi.